Je, Bondia Mkongwe Aweza Kujifunza Kujikinga?

Kila bondia wa uzito wa juu aliyevuka umri wa miaka thelathini na mitano anaposhindwa, wapenzi wa ndondi hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema kwamba mtu huyo amekwisha, na kwamba kumrudisha ulingoni ni kumpeleka machinjoni. Wa pili hujibu kwamba kushindwa ni mwalimu, na kwamba akijirekebisha, akajifunza kuukinga uso wake, ataweza kupigana miaka mingine mitano. Mabishano hayo husikika vilabuni, kwenye vituo vya mabasi na hata katika vyumba vya walimu, na aghalabu mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Hata hivyo swali lenyewe ni la kisayansi. Linahusu mwendo wa ngumi, mwendo wa habari katika mishipa ya fahamu, kuchakaa kwa misuli, na uwezo wa ubongo kujifunza. Katika makala haya tutajaribu kulichunguza kwa njia hiyo, tukifuata zaidi habari za mtu mmoja ambaye maisha yake ya ulingoni yanajulikana vyema, naye ni George Foreman wa Marekani.

Foreman alizaliwa tarehe 10 Januari 1949 katika mji wa Marshall, jimbo la Texas. Mwaka 1968 alipata nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, na mwezi Januari 1973, mjini Kingston, Jamaica, alimnyang'anya Joe Frazier ubingwa wa dunia baada ya kumwangusha mara sita katika raundi mbili tu. Alipofika Kinshasa mwaka 1974, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kati ya hizo bila kuwasubiri majaji. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba akakutana na Muhammad Ali, akaangushwa katika raundi ya nane. Mwezi Machi 1977 alishindwa tena, safari hii kwa pointi, na Jimmy Young mjini San Juan, Puerto Rico. Akaacha ndondi, akawa mhubiri. Ikapita miaka kumi. Mwaka 1987 alirudi ulingoni akiwa na miaka 38 na uzito wa kilo 121 hivi, na wengi wakacheka. Lakini tarehe 5 Novemba 1994, mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45, alimwangusha Michael Moorer mwenye miaka 26, akatwaa tena ubingwa wa dunia alioupoteza miaka ishirini nyuma. Usiku huo alikuwa amevaa bukta ile ile nyekundu aliyoivaa Kinshasa.

Je, hadithi hii yatosha kuwa jibu? La. Kushinda peke yake si ushahidi kwamba mtu amejifunza kujikinga. Foreman alikuwa na ngumi nzito tangu ujana wake, na ngumi nzito huficha makosa mengi. Hatuna budi kwanza kuuliza kujikinga ni kitu gani.

Ngumi na rula

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuipima ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu wa nchi hiyo. Walimtaka apige shabaha iliyofungwa vyombo vya kupimia. Walikuta kwamba ngumi yake ilisafiri mita 0.49, yaani karibu nusu mita, kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ilipofika ilikuwa na mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde. Kani yake ilifikia nyutoni 4,096 ndani ya sehemu 14 za elfu za sekunde tangu glovu ilipogusa. Ili watu waelewe, watafiti hao walilifananisha pigo hilo na pigo la nyundo ya mti yenye kilo 6, iliyovikwa kitu laini, ikipigwa kwa mwendo wa kilometa 32 kwa saa.

Msomaji huenda ameshtushwa na zile nyutoni. Lakini kwa swali letu namba yenye uzito zaidi ni ile ndogo, ile ya muda: sekunde 0.1. Ili kuona maana yake, mwalimu anaweza kufanya jaribio rahisi darasani ambalo halihitaji chombo chochote isipokuwa rula ya sentimita 30.

Mwanafunzi mmoja ashike rula kwa juu, ikining'inia wima. Mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za rula kwenye alama ya sifuri, bila kuigusa. Wa kwanza aiachie bila kutoa habari. Wa pili aidake mara aonapo inaanguka. Isomwe alama iliyo kwenye vidole. Kwa kuwa tunajua jinsi kitu kinavyoanguka kwa mvutano wa dunia, tunaweza kugeuza urefu huo kuwa muda: mara mbili ya urefu (kwa mita) igawanywe kwa 9.8, kisha itafutwe kipeo cha pili cha jibu. Sentimita 20 zatoa sekunde 0.20. Sentimita 30 zatoa sekunde 0.25. Wanafunzi wengi wenye afya watadaka kati ya sentimita 15 na 25, na baadhi watajivuna kwa kudaka chini ya hapo mara moja kati ya mara kumi, kwa kubahatisha. (Mwandishi wa makala haya, ambaye hajapigana tangu shule ya msingi, alidaka kwenye sentimita 24, na mara mbili hakudaka kabisa.)

Sasa tuigeuze hesabu. Rula inayoanguka kwa muda wa sekunde 0.1 huwa imeteremka sentimita 5 tu. Basi mtu anayetaka kuikwepa ngumi kama ya Bruno kwa kuiona inaanza, kisha kuamua, kisha kusogea, hana budi awe mtu wa kudaka rula kwenye sentimita 5. Tena vidole ni vyepesi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne au tano, na hakiondoki mahali pake kwa wepesi wa kidole. Mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Ni kweli kwamba ngumi inayotoka mbali, au ile inayozungushwa kutoka ubavuni, huchukua muda mrefu zaidi na huweza kuonwa njiani. Lakini ngumi fupi iliyonyooka, ya mtu aliyefika karibu, haikwepeki kwa kuingoja.

Tokeo hili huwashangaza walio wengi, kwani tumezoea kusema kwamba bondia kijana ana macho makali na mzee amepoteza macho. Ukweli ni kwamba kijana naye haioni ngumi kwa wakati. Yule anayekwepa vizuri huwa ameanza kukwepa kabla ngumi haijatoka. Ameona bega likishuka kidogo, kisigino kikiinuka, uzito ukihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Au amekwisha jua kwamba mpinzani huyu, baada ya ngumi mbili za kushoto, huleta ya kulia. Wachunguzi wa michezo ya tenisi na badminton wamelithibitisha jambo hili kwa njia ya kuvutia. Waliwaonyesha wachezaji filamu ya mtu anayepiga mpira, wakaikata kabla mpira haujapigwa, kisha wakawauliza mpira utakwenda wapi. Wachezaji mahiri walitabiri vizuri kuliko wanaoanza. Si kwamba macho yao yalikuwa bora. Walijua mahali pa kutazama.

Kusoma dalili ni elimu, na elimu hukua kwa miaka.

Iko kinga nyingine isiyohitaji hata kusoma, nayo ni kuweka kitu njiani mapema. Mikono iliyokwisha tangulia mbele ya kidevu haina haja ya kuwahi. Hali kadhalika mtu aliyesimama mahali ambapo ngumi haifiki, au aliyemkumbatia mpinzani hata mkono wake usipate nafasi ya kunyooka, hashindani na ile sekunde 0.1. Na ya mwisho ni kinga ya miguu: kuondoka, kuzunguka, kurudi. Kinga hii ndiyo hupendwa na watazamaji, na ndiyo umri huiharibu kwanza.

Umri huchukua nini?

Ule muda wa kudaka rula huanza kurefuka polepole baada ya miaka ya ishirini. Kwa jaribio rahisi kama hili, upungufu kati ya mtu wa miaka 25 na yule yule akiwa na miaka 45 hauzidi sehemu chache za mia za sekunde. Pale anapotakiwa kuchagua kati ya majibu kadhaa, upungufu huwa mkubwa zaidi, na ndondi ni mchezo wa kuchagua. Hata hivyo, kama tulivyoona, mabondia hawajikingi kwa muda huo.

Hasara iliyo kubwa zaidi iko katika misuli. Ndani ya msuli mna nyuzi za namna mbili kuu: zile za mwendo wa polepole, ambazo hazichoki upesi, na zile za mwendo wa haraka, ambazo hutoa nguvu ya ghafla. Kadiri mtu anavyozeeka, hizi za pili hupungua unene kuliko za kwanza. Ndiyo sababu mkimbiaji wa mita 100 huzeeka michezoni kabla ya mkimbiaji wa marathoni. Mzee wa ulingoni aweza kubaki na nguvu ya kusukuma ukuta na asiwe na nguvu ya kuruka hatua moja pembeni kwa wakati. Tena huchelewa kupona kati ya raundi, na hata kati ya siku za mazoezi.

Kutokana na hayo tunaweza kusema jambo la kwanza. Bondia mkongwe hawezi kuirekebisha kinga ile aliyokuwa nayo. Anachoweza ni kuiacha na kujifunza nyingine. Wengi hushindwa hapa, kwa sababu mtu aliyekuwa bingwa kwa miguu yake huamini kwamba akifanya mazoezi zaidi miguu itarudi.

Ali na kamba za ulingo

Muhammad Ali alikuwa mfano mkubwa wa kinga ya miguu. Katika ujana wake aliteremsha mikono chini, akavuta kichwa nyuma, akazunguka ulingo mzima. Mambo ambayo mwalimu yeyote wa ndondi angemkataza mwanafunzi wake. Baada ya kukataa kuingia jeshini mwaka 1967 alizuiwa kupigana hadi mwaka 1970. Aliporudi miguu haikuwa ile. Frazier alimshinda mwaka 1971, Ken Norton akamvunja taya mwaka 1973.

Huko Kinshasa, akiwa na miaka 32, alibadilisha kinga. Aliegemea kamba, akaweka mikono mbele ya uso na viwiko mbele ya mbavu, akamwacha Foreman apige. Mwanafunzi wa fizikia atalielewa jambo hili. Ili kuusimamisha mwendo wa ngumi, kani ikizidishwa kwa muda lazima ifikie kiasi maalumu. Muda ukirefushwa mara mbili, kani ya wastani hupungua nusu. Kamba zilizolegea hurudi nyuma pamoja na mwili wa aliyeziegemea, na hivyo hurefusha muda. Wakati huo huo Foreman, aliyekuwa hajazoea kupigana raundi nyingi, alikuwa akijichosha katika hewa nzito ya joto. Kufika raundi ya nane mikono yake ilikuwa imeshuka, na kujikinga kukawa hakuna.

Miaka minne baadaye Ali alitoa somo jingine, ambalo husahauliwa. Mwezi Februari 1978, akiwa na miaka 36, alishindwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa bado mgeni katika ndondi za kulipwa. Katika pambano hilo alizipoteza raundi za mwanzo kwa kulala kwenye kamba, akitumaini kwamba Spinks atachoka kama Foreman. Spinks hakuchoka. Walipokutana tena mwezi Septemba, Ali hakukaa kwenye kamba. Alipiga kwa mkono wa kushoto kutoka mbali, na Spinks alipokaribia akamshika shingo na kumkumbatia. Akashinda kwa pointi. Hapa basi tuna bondia mkongwe aliyeboresha kinga yake baada ya kushindwa, tena kwa muda wa miezi saba.

Lakini hesabu yake haikuishia hapo. Kinga ya kamba, hata ilipofaulu, ilikuwa na maana ya kupigwa. Ngumi nyingi zilitua mikononi na mbavuni, nyingine zilipenya. Ali alikuwa hata na desturi ya kuwaacha wenzake wa mazoezi wampige, kwa imani kwamba mwili utakomaa. Baada ya pambano lake na Earnie Shavers mwaka 1977, daktari wake Ferdie Pacheco alijitenga na kambi hiyo kwa kuona kwamba haifai aendelee. Tarehe 2 Oktoba 1980, akiwa na miaka 38, alikutana na Larry Holmes, na kwa raundi kumi hakuweza kupiga wala kujikinga, hata mwalimu wake Angelo Dundee akasimamisha pambano. Mwaka uliofuata alishindwa na Trevor Berbick huko Bahamas, akaacha. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Madaktari hawakukubaliana wote kuhusu chanzo chake, nasi hatutajifanya waamuzi.

Ubongo unaopigwa ndio unaojifunza

Hapa tumefika kwenye kiini cha swali, na ni mahali ambapo mabishano ya vilabuni hayafiki. Tunaposema kwamba kushindwa ni mwalimu, tunasahau kumtazama mwanafunzi. Katika shule ya kawaida, mtoto anayekosea hesabu hapigwi kwenye kiungo kile kile anachotumia kuhesabu. Ulingoni hali ni hiyo hasa. Ubongo wa mtu una uzito wa kilo 1.4 hivi, ni laini, na umeelea katika maji ndani ya fuvu. Kichwa kikigeuzwa ghafla na ngumi ya taya, fuvu huzunguka na ubongo huchelewa kulifuata. Nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake huvutwa na nyingine hukatika. Katika vipimo vile vya Bruno, pigo lilikuwa la kutosha kukipa kichwa mchapuko wa mita 520 kwa sekunde kwa sekunde, yaani mara 53 ya ule wa rula yetu inayoanguka.

Madhara haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1928 daktari Mmarekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakitembea na kusema kama walevi ilhali hawajanywa. Mwaka 1973 Corsellis na wenzake, huko Uingereza, walieleza walichokiona walipochunguza bongo za mabondia 15 wa zamani baada ya kufa, wakakuta uharibifu wa namna inayofanana. Kinachoonekana leo ni kwamba jumla ya mapigo ina uzito mkubwa, yakiwemo yale ya mazoezini ambayo hakuna jaji anayeyaandika, na sio tu yale machache ya kumlaza mtu chini.

Kwa hiyo hatuna budi kutofautisha kushindwa na kushindwa. Aliyeshindwa kwa pointi, kwa kuchoka au kwa kuzidiwa mbinu, amebaki na kiungo cha kujifunzia. Aliyelazwa kwa mapigo mazito, kisha akarudishwa mazoezini mapema, anatakiwa ajifunze upya kwa ubongo ambao haujapona, na huenda usipone. Wanaomwambia "jikinge zaidi" wanampa dawa ambayo hana tena tumbo la kuimeza.

Kinga ya mikono iliyopishana

Sasa turudi kwa Foreman. Alishindwa mara tano katika mapambano 81. Mara moja tu, Kinshasa, alitolewa kabla ya mwisho; nyingine nne zote zilikuwa za pointi. Kisha kuanzia umri wa miaka 28 hadi 38, miaka ambayo wenzake walikuwa wakipigwa kila baada ya miezi michache, yeye alikuwa kwenye mimbari. Maoni yangu ni kwamba miaka hiyo kumi, ambayo wote waliiona kuwa hasara, ndiyo iliyomwezesha kujifunza baadaye. Haikumrudishia ujana. Ilimwepushia mapigo.

Aliporudi alipigana kwa namna nyingine kabisa. Zamani aliwanyooshea wapinzani mikono, akawasukuma, akawapiga hadi waanguke, wala hakuona haja ya kujikinga. Sasa alitumia kinga aliyokuwa nayo Archie Moore, mkongwe aliyekuwa katika kambi yake tangu siku za Kinshasa. Moore mwenyewe alitwaa ubingwa wa uzito unaofuata ule wa juu mwaka 1952 akiwa amevuka miaka 35, kwa hiyo alijua alichokuwa akikifundisha. Katika kinga hii vigasha viwili, yaani sehemu za mikono kati ya kiwiko na kiganja, hulala mlalo mbele ya uso na kifua, kimoja juu ya kingine. Ngumi iliyonyooka hukutana na mfupa na misuli ya mkono kabla ya kukutana na kidevu. Mkono hurudi nyuma kidogo, muda hurefuka, kani hupungua, kama tulivyoeleza juu ya kamba. Tofauti ni kwamba aliyeziegemea kamba amefungwa mahali pamoja, lakini aliyepishanisha mikono aweza kwenda mbele.

Foreman akawa anakwenda mbele, polepole, kwa hatua fupi. Hakukimbizana na mtu. Ngumi nyingine alizidaka kwa kiganja kama adakaye mpira. Na kwa kuwa Kinshasa ilimfundisha kwamba mikono iliyochoka haikingi chochote, alijifunza kugawanya nguvu zake. Kati ya raundi alisimama kwenye pembe yake badala ya kukaa kitini, jambo lililowashangaza watazamaji. Mwezi Aprili 1991, akiwa na miaka 42, alimaliza raundi zote 12 na Evander Holyfield, bingwa wa dunia aliyekuwa na miaka 28. Alishindwa kwa pointi, lakini yule Foreman wa miaka 25 alikuwa amekwisha nguvu kwenye raundi ya nane.

Tusiipambe kinga hii kupita kiasi. Mikono iliyolala mlalo huacha wazi pande za kichwa, na ngumi zinazotoka chini kwenda juu hupata njia. Mwezi Aprili 1992 Foreman alimshinda Alex Stewart kwa pointi, lakini alitoka ulingoni uso umevimba hata ikawa vigumu kumtambua. Mwaka uliofuata Tommy Morrison alimshinda kwa kufanya jambo rahisi: alikataa kusimama mbele yake. Kinga ya mkongwe humhitaji mpinzani aje. Asipokuja, mkongwe hana miguu ya kumfuata.

Moorer alikuja. Alikuwa mpiga shoto, na kanuni humtaka mpiga shoto azunguke akijiepusha na mkono wa kulia wa mwenziwe. Kwa raundi tisa alipiga zaidi, na majaji wote watatu walikuwa wamempa uongozi. Lakini kadiri muda ulivyokwenda alizidi kusimama mbele ya mzee huyo, huku mwalimu wake akimkaripia aondoke. Foreman, mwenye kilo 113 na mikono yake ikirudi mahali pake kila baada ya kupiga, alikuwa akipigwa, lakini hakuwa akivunjika. Katika raundi ya kumi ngumi fupi ya kulia ilifika kwenye kidevu cha Moorer. Aliyekuwa pembeni mwa Foreman usiku huo ni Angelo Dundee, mwalimu yule yule aliyekuwa upande wa Ali huko Kinshasa.

Yuko pia Wladimir Klitschko wa Ukraine. Yeye aliangushwa na Corrie Sanders mwaka 2003 na kushindwa na Lamon Brewster mwaka 2004, wengi wakamwona hana kidevu. Chini ya mwalimu Emanuel Steward alijenga kinga ya umbali: mkono mrefu wa kushoto, hatua ya kurudi nyuma, na kumkumbatia kila aliyepenya. Hakushindwa tena hadi Novemba 2015, na Tyson Fury. Lakini alianza mafunzo hayo akiwa na miaka 28, si 40. Alipokuwa na miaka 41, mwaka 2017, Anthony Joshua alimtoa katika raundi ya 11. Kinga ya umbali nayo hatimaye huitegemea miguu.

Foreman alipigana mara ya mwisho mwezi Novemba 1997, akiwa na miaka 48, akashindwa kwa pointi na Shannon Briggs, ingawa wengi waliotazama waliamini kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Aliishi hadi tarehe 21 Machi 2025.

Kwa mwalimu atakayependa kuendelea na jaribio la rula, iko sehemu ya pili. Baada ya kila mwanafunzi kupata wastani wa mara kumi, arudie mara kumi nyingine akiwa ameambiwa asiitazame rula, bali vidole vya anayeiachia. Wastani huo wa pili ulinganishwe na ule wa kwanza. Mwalimu naye ajipime pamoja na darasa, na umri wa kila mmoja uandikwe. Mwanafunzi mwangalifu huenda akagundua kwamba mwenzake hukaza kidole, au huvuta pumzi, kabla ya kuachia. Kisha atazamwe mwachiaji: si muda mrefu ataanza kukaza kidole bila kuachia.